Watu Wote Walinisalimu, Mayu Akanyimwa Salamu

Mimi ni muongo. Nalisema mapema ili usije ukaanza kunionea huruma kabla hujajua nilichokitenda. Huruma yako kaa nayo kwanza.

Jina langu sikutajii. Ila kama wewe ni mtu wa Bariadi, Maswa au Meatu, na una umri wa kukumbuka soko huria lilivyoingia, kila duka likawa na redio ya kaseti mlangoni, basi sauti yangu unaijua. Umeicheza. Umelia nayo. Pengine uliokoka nayo! Nakwambia leo kwamba ule ushuhuda uliokuliza ulikuwa uongo, na ulimwangamiza mtu aliyenipenda kuliko wote hapa duniani.

Kwetu Usukumani mama ni mayu. Mwanamke yeyote aliyekuzidi umri utamwita mayu kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa na Mayu mmoja na kijiji kizima kilimjua. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado mdogo, Mayu akanichukua, akanilea pamoja na binti yake, Kabula.

Baada ya msiba ule niliacha kusema. Sikuzaliwa bubu, niliacha tu. Watu wakamshauri Mayu anipeleke kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, apige ramli aone nani kaufunga ulimi wangu. Mayu akagoma. Alikuwa Mkristo wa kusali huku analima, hakuwa wa kelele kama mimi nilivyokuja kuwa.

"Yaya," aliwaambia, maana yake hapana. "Mtoto huyu ana huzuni. Huzuni haitolewi kwa kuchinja kuku."

Badala yake aliimba. Tukichuma pamba aliimba, tukipepeta mtama aliimba, na kila mstari aliuacha bila neno la mwisho, akanitazama, akangoja. Kabula akitaka kulimalizia anamkataza. Sijui alingoja muda gani, lakini siku moja shambani neno likanitoka. Mayu akaweka kikapu chini, akakaa kwenye udongo, akalia.

Hivyo ndivyo nilivyoipata sauti hii mliyoigombania! Alinipa Mayu. Sasa sikia nilivyomlipa.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilijiunga na kwaya mjini Bariadi. Sauti ilikuwepo, hilo hata wanaonichukia hawalikatai. Baadaye kwaya yetu ikashikwa na mtu mmoja ambaye sote tulimwita Mwinjilisti. Zamani alikuwa karani wa kupima pamba kwenye ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia ushirika ukalegea, akapunguzwa kazini, ndipo akasema ameitwa na Bwana. Labda aliitwa kweli, mimi si Mungu. Ninachojua ni kwamba watu aliwatazama vilevile alivyokuwa akitazama pamba kwenye mizani.

"Sauti unayo," aliniambia siku moja baada ya mazoezi. "Lakini ushuhuda wako hauna nyama. Eti nilikuwa mwenye dhambi, nikaokoka. Nani aache shamba lake aje kusikiliza hiyo?"

Nikacheka. Laiti ningekasirika! Mtu akikwambia maisha yako na Mungu hayana nyama, usicheke, ondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Nyalikungu, pale Maswa, kwenye mkutano wa Injili. Kwaya mbili, majukwaa mawili, kila moja upande wake wa uwanja, zote zinaimba kwa wakati mmoja. Aliyepanga hivyo alikuwa Msukuma, huna haja ya kuuliza. Ngoma zetu ndivyo zinavyoshindanishwa tangu enzi za babu zetu: vikundi viwili vinacheza pamoja, na mwamuzi ni miguu ya watu. Wakihamia kwa mwenzako umeshindwa, hata kama umecheza vizuri namna gani, na aibu ya kuachwa uwanjani peke yako inakufuata mpaka uzeeni.

Injili haishindanishwi hivyo. Siku ile sikulijua hilo, au nililijua nikalipuuza. Nilikuwa katikati ya wimbo nikaona watu wa pembeni wanageuka. Kisha wa katikati. Kule ng'ambo kulikuwa na gitaa la umeme na vijana wanaruka, na watu walikuwa wanakwenda kama ng'ombe walionusa maji. Nikabaki naimbia vumbi na kina mama wachache wenye watoto mgongoni.

Nilichomwa moyo! Nikausimamisha wimbo, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa bubu!" nikapiga kelele.

Wachache wakageuka. Hilo lilikuwa kweli. Ningeishia hapo! Jamani, kwa nini sikuishia hapo!

"Ulimi wangu ulifungwa!"

"Ulifungwa na nani?" mtu akapaza sauti kutoka katikati ya uwanja.

Nikaona wanasimama kungoja jibu. Ningesema ni shetani. Hilo ni jibu la kanisani, halimdhuru mtu, na wangeendelea na safari yao kwenye gitaa. Nikawatazama, nikawataka. Nikasema, "Ulifungwa na mayu aliyenilea! Mwanamke mwenye macho mekundu!"

Uwanja wote ukahamia kwangu. Wote! Gitaa kule likawa linapigiwa nguzo za jukwaa. Watu walilia, walianguka, walikuja mbele kutubu, na mimi nikasimama juu pale nikiwa nimeshinda.

Macho ya Mayu yalikuwa mekundu kweli. Kwetu kuni ni shida. Tunapikia miti mikavu ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na mwanamke akipika hivyo miaka nenda miaka rudi, moshi unamla macho. Bibi zetu wengi wana macho hayo. Na kila mtu wa huku anajua macho mekundu ya bibi kizee yanasemwaje, na yamewapeleka wangapi kaburini kabla ya siku zao. Nilijua! Usije ukanitetea kwamba ulimi uliteleza. Nilijua ninachokisema, nikakisema, kwa sababu watu walikuwa wanarudi.

Mwinjilisti alinipokea chini ya jukwaa akitabasamu mpaka gego la mwisho.

"Hiyo sasa ni nyama," akasema.

Tukaenda Mwanza kurekodi. Katikati ya nyimbo akauweka ushuhuda wangu na kinanda kinalia kwa nyuma. Kaseti ilipotoka haikuwa na mipaka. Wenye redio za kaseti mbili walinakili, waliopewa nakala nao wakanakili. Wanunuzi wa pamba, waliokuwa wanagombania wakulima kila kijiji, walifunga spika juu ya magari yao wakaipiga ili watu wakusanyike kwenye mizani yao na si ya jirani. Mkulima anangoja pamba yake ipimwe, huku anasikiliza jinsi mayu alivyomfunga mtoto ulimi. Dini na biashara na uchawi, vyote kwenye spika moja!

Kila mkutano niliongeza chumvi. Lagangabilili niliongeza fisi, nikasema nilimwona Mayu anampanda usiku. Mwanhuzi niliongeza kaburi la mama yangu. Watu walipenda fisi zaidi, basi fisi akabaki.

Umaarufu nikaupata, tena wa kushiba. Bariadi sokoni sikuweza kupita. "Mwangaluka, mayu!" watu wazima walinisalimu asubuhi, mimi msichana, wakainama. Wanawake walijifungua wakawapa mabinti zao jina langu. Nilishikwa mikono, nilipewa kuku, niliombwa niguse wagonjwa. Nikawagusa! Mkono uleule.

Nikirudi chumbani nafunga mlango, napiga magoti, na neno halitoki. Najaribu tena, halitoki. Watu wanaombewa na mimi wanasema wamepona, na mwenyewe siwezi kuomba hata kwa ajili ya chakula. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma wilaya nzima. Nikaanza kuwachukia wale watu. Ndiyo, ninyi! Nikimwona mama analia mbele yangu, moyoni nasema, mjinga huyu, analilia fisi. Unapendwa na umati na unajua anayependwa si wewe, ni mtu uliyemtunga, basi kila anayekupenda unamdharau. Huo ndio ushirika niliokuwa nao na kondoo wa Bwana.

Ndipo Kabula akaja. Alikuwa ameolewa kijiji cha jirani, akaja Bariadi kwa baiskeli siku ya joto kali. Alisimama mlangoni, hakukaa, hakunisalimu.

"Kijiji kimemtenga Mayu," akasema.

Wewe wa mbali huenda hujui kutengwa kwetu. Mkutano wa kijiji ukishakata shauri, hakuna wa kukuazima moto, hakuna wa kukupisha kisimani, na baya kuliko yote, hakuna wa kukusalimu. Atakayevunja anatozwa ng'ombe. Na salamu zetu si za kutupiana njiani kama za mjini. Unaulizwa watoto, unaulizwa mifugo, unaulizwa mvua. Msukuma asiyesalimiwa amekufa, kilichobaki ni kuzikwa.

"Nani anamchotea maji?" nikauliza.

"Mimi. Nayaleta kwa baiskeli hii. Vijana wanakwenda na redio mpaka kwenye ua wake wanaicheza kaseti yako, makusudi. Mayu anauliza kitu kimoja tu. Anauliza kama ni wewe uliyesema, au kuna mtu kaigiza sauti yako."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia wameigiza."

Kabula akasema, "Twende ukamwambie mwenyewe. Mwambie kweli au mwambie wameigiza, shauri yako. Lakini twende leo."

Nikamwambia nina mkutano Meatu, nitakuja nikirudi.

"Mungu unayemwimbia," akasema, "ni yuleyule Mayu aliyekuwa anamwimbia shambani, au umepata mwingine?"

Nilimfukuza! Nilimwambia ana wivu kwa sababu yeye hana sauti. Aliigeuza baiskeli yake akaondoka bila kujibu.

Sikwenda. Mkutano mmoja ukazaa mwingine, na Mwinjilisti hakuwa mtu wa kuacha pengo. Lakini Mungu ana njia zake. Tukiwa safarini tukapita kijijini kwetu siku ya gulio, na watu wakalizuia gari. Lazima niimbe walau wimbo mmoja, wakasema, mimi mtoto wao! Nikapanda nyuma kwenye bodi la gari, spika zikafunguliwa, watu wakajaa mpaka barabara ikapotea.

Nyumba ya Mayu iko palepale kando ya barabara. Nikamwona anatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akaja mpaka kwenye ua wa minyaa, akasimama, akashika tawi moja, akanitazama.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimu. Yeye asingeweza kuanza, na asingeweza kusogea, kwa kuwa watu wangemkimbia. Alikuwa anangoja. Umati nao ukaona anakotazama, ukageuka kunitazama mimi. Neno moja tu! Mwadila, mayu. Salamu ya mchana, hata mtoto anaijua.

"Usithubutu," Mwinjilisti akaninong'oneza. "Ukimsalimu umekwisha."

Nikageuza uso. Nikasogeza kipaza sauti mdomoni, nikasema, "Bwana asifiwe!" na watu wote wakaitikia kwa kishindo. Nilipotazama tena, Mayu alikuwa anaingia ndani, na tawi la minyaa lilikuwa bado linatikisika. Sasa alijua hakuna aliyeigiza.

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Punda angalau hajasoma Maandiko. Mimi nilijua amri, nilikuwa nawafundisha watoto wa shule ya Jumapili ile amri ya kutomshuhudia mwenzako uongo. Nilijua pia kwamba shetani jina lake jingine ni mshitaki. Nilisimama kwenye gari lile nikiwa spika yake.

Tangu siku ile nilitamani kufa. Sisemi kwa kupamba. Nilikuwa naimba jukwaani huku nawaza jinsi ya kutokuwepo, na hakuna aliyeona, maana nilikuwa natabasamu. Kama wewe unayesoma uko hapo leo, usikae nalo peke yako kama mimi nilivyokaa. Mwambie mtu, hata kama ni mtu anayekuchukia. Mimi nilimpelekea Kabula ujumbe kwamba nimechoka kuishi. Akaja siku ileile, akanikuta kitandani mchana, akaniburuta mkono mpaka nikakaa.

"Ufe?" akasema. "Ufe na uongo wako ukiwa mzima? Halafu Mayu atasafishwa na nani? Amka, mwanamke! Kwanza urudishe ulichokiiba."

Sijawahi kusikia mahubiri bora kuliko hayo. Alinipikia uji, akanisimamia mpaka nikaumaliza.

Nikaamua kusema kweli. Na hapa ndipo nilipofanya kosa jingine, ambalo mpaka leo linaniuma kuliko la kwanza, kwa kuwa nilidhani natenda mema. Nilipaswa kwenda kwa miguu mpaka kwa Mayu, mchana, nipige magoti uani kwake, nimsalimu, nile chakula chake, na kijiji kinione, kinitoze ng'ombe kikitaka. Hilo lingewatosha. Mimi nikataka mkutano! Nikamdanganya Mwinjilisti kwamba nataka kuimba kijijini kwetu. Gari la matangazo likazunguka siku nzima. Nikavaa joho la kwaya, nikapanda kwenye bodi la gari. Nilikwenda kutubu vilevile nilivyokwenda kutenda dhambi, na spika juu.

Watu walikuja hata wa vijiji vya mbali. Vigelegele! Wakaniomba niimbe kwanza. Nikakataa.

"Nilidanganya," nikasema. "Mayu hakunifunga ulimi. Mayu ndiye aliyenifundisha kusema. Hakuna fisi. Macho yake ni moshi, kama macho ya mama zenu!"

Mzee aliyekuwa akiongoza mikutano ya kijiji akasimama polepole, akaonyesha fimbo yake upande wa nyumba ya Mayu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Bibi amemfunga tena."

"Hapana! Nasema kweli!"

"Mwombeeni!" mwanamke mmoja akalia. "Jamani, mwombeeni mtoto wetu!"

Wakapanda garini. Nikashikwa kichwa, mabega, mgongo. Nikapiga kelele kwamba si kweli, nao wakapiga kelele "Toka!" Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyoona pepo ananena. Mwinjilisti akawa mstari wa mbele, jasho linamtoka, anakemea kwa kipaza sauti changu. Chini ya miguu yake mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka. Kaseti ya pili ilipotoka ilikuwa na kelele zangu, na iliuzika kuliko ya kwanza!

Ningewalaumuje? Niliwafundisha mwenyewe. Niliwapa uongo kwa kilio na kinanda, halafu nikawaletea kweli kavu nikategemea waipende. Lakini nawalaumu! Siwezi kujizuia. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kwenda kumtazama yule mama macho, amuulize anapikia nini. Wote wanapikia kitu kilekile.

Jioni ile mawe yakapigwa kwenye paa la Mayu. Asubuhi yake Kabula na mjomba wetu wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na sufuria zake, na godoro, wakamchukua kwenda kwa mjomba, ng'ambo ya Mwanhuzi, nchi kavu ya wafugaji ambako hakuna aliyemjua. Kabula aliniambia kwamba walipita kijiji kizima na hakuna aliyewapungia mkono. Mtu amekaa pale tangu ameolewa, amewazalisha wanawake wao, amewazika watu wao!

Nikaacha kwaya. Mwinjilisti akatangaza kwamba nimerudi nyuma kiimani, akatafuta msichana mwingine mwenye nyama. Mimi nikakaa na aibu yangu mpaka nikapata nguvu za kufunga safari.

Nilishuka Mwanhuzi nikatembea kwa miguu, kanga nimeivuta mpaka machoni ili nisijulikane. Nikamkuta Mayu amekaa kivulini mwa ghala la mjomba anachagua dengu kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Nikapiga magoti mbali kidogo.

"Mwadila, mayu."

Mikono yake ikasimama kwenye dengu. Nilidhani hataitikia, na ningekuwa nimestahili.

"Mwadila, ng'wana wane," akasema, mwanangu. Kisha akaniuliza, kama desturi, nimeamkaje, nimesafirije, huko nitokako mvua imenyesha? Akaniuliza yote bila kuruka hata moja. Nililia mpaka mjomba akatoka ndani kuangalia kuna nini.

"Nisamehe, Mayu."

"Nilikwisha kukusamehe," akasema. "Ningesalije kama nisingekusamehe?"

Ndugu yangu, mimi ambaye maombi yalinikauka kooni nikiwa nashangiliwa, nikamtazama huyu mwanamke aliyenyimwa moto na maji, na maombi yake yalikuwa hayajakatika hata siku moja. Nikaelewa Mungu alikuwa amekaa uani kwa nani wakati mimi namtangaza barabarani.

Akanipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nikala. Nikaanza kumwambia kwamba nitakuja mara kwa mara, nitamsaidia kulima, nitahamia karibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Usirudi hapa," akasema.

"Mayu?"

"Huku hawanijui. Wananisalimu. Jana jirani alikuja kwangu kuomba moto, kwangu mimi! Wewe unajulikana kila mahali. Ukija mara mbili, mtu atauliza yule mwimbaji anakuja kwa nani. Na kaseti yako wanayo." Akarudisha mikono kwenye dengu. "Siwezi kuhama tena, ng'wana wane. Nimezeeka."

Niondoke! Na alikuwa na haki. Njiani kijana mmoja mchunga ng'ombe akanitazama sana, akaniuliza kama mimi si yule mwimbaji wa Bariadi. Nikamwambia amenifananisha.

Sikurudi. Nilimtumia vitu kupitia kwa Kabula, sabuni, sukari, blanketi wakati wa baridi. Miaka ikapita. Siku moja Kabula akaja kwangu amenyoa nywele, nikajua kabla hajasema.

"Lini?" nikauliza.

"Tumekwisha kuzika."

"Bila mimi? Kabula! Bila mimi?"

"Alisema mwenyewe usiitwe," akanijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Alisema ungekuja na watu. Alitaka azikwe na wale wanaomsalimu."

Haya, furahini na umaarufu! Nilijulikana na wilaya nzima, na kwa kujulikana huko sikuruhusiwa kumwaga udongo kwenye kaburi la mama yangu.

Naamini Mungu amenisamehe. Naliamini kwa kuwa amesema, wala sijisikii kitu. Lakini msamaha wake haujazikusanya zile kaseti. Siku hizi wanazihamishia kwenye simu. Juzi mwanamke mmoja alinishika mkono sokoni Bariadi, akaniambia ushuhuda wangu ndio uliomfanya amkatae bibi yake. Alisema kwa furaha! Nikamwambia ulikuwa uongo, nikamwambia arudi kwa bibi yake leo hii. Akaniambia atanikumbuka katika maombi.

Sasa ninyi mnaopanda majukwaani, na ninyi mnaohesabu wanaowafuata kwenye simu, sikieni kwa mtu aliyefika huko. Ukiona watu wanaondoka wakati unasema kweli, waache waondoke! Maliza wimbo wako, shuka, nenda nyumbani. Na ninyi wachungaji, mtu akitoa ushuhuda unaomtaja bibi wa watu, mnyang'anyeni kipaza sauti kabla hajafika kwenye jina, hata kama uwanja umejaa.

Na wewe mwingine, usiyeimba wala kuhubiri. Kama kijijini kwenu kuna bibi ambaye watu wanapita mbele ya ua wake wakitazama upande mwingine, kesho pita mchana, watu wakikuona, usimame, umsalimu kwa sauti. Halafu usiondoke. Ngoja mpaka akuitikie.